Crusader Rabbit: Sungura Aliyetangulia

Wengi hudhani kuwa Hanna na Barbera ndio waanzilishi wa katuni za televisheni. Sivyo. Kazi yao ya kwanza ya namna hiyo ilitoka mwaka 1957. Lakini tangu mwaka 1950 watoto wa Marekani walikuwa wakimtazama Crusader Rabbit, sungura mdogo mwenye moyo wa shujaa, na Rags, sahibu yake chui-milia. Watungaji walikuwa Alex Anderson na Jay Ward, wa Berkeley, California. Fedha ilikuwa haba, wala haikuwezekana kuchora kila mwendo kama ilivyokuwa desturi ya sinema. Basi picha zikapunguzwa, na msimulizi akajaza kwa maneno kilichopungua kwa wino. Hapo ndipo penye uzuri wake: hadithi yasikika kuliko inavyoonekana, mfano wa ngano mdomoni mwa mtambaji.

Vikatoka vipande 195. Kisha ukazuka ugomvi wa umiliki, na sungura akawatoka mikononi; mfululizo wa pili, wa rangi, ulifanywa pasipo wao. Ward alipata sifa kwa Rocky na Bullwinkle, mwaka 1959, hali aliyewabuni kwanza ni Anderson. Ward alifariki mwaka 1989. Anderson alishtaki, na kwa mapatano ya mwaka 1996 akatambuliwa kuwa mbunifu wao wa awali.