Sahihi ya Mangungo na Dole la Babu

Ndugu msomaji, hapa Kimamba ukimwambia mtu kwamba unakusanya sahihi, swali la kwanza atakalokuuliza ni, "Unagombea udiwani kwa chama gani?" La pili ni, "Kuna posho?" Mie sigombei kitu na posho sina. Nakusanya sahihi za watu, na vitu vilivyotiwa sahihi, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya historia yetu imelala humo. Leo nataka nikusimulie nilivyoanza, na wewe kama una nia, uanze.

Chanzo ni daftari la otografu. Si unajua tena mambo ya kidato cha nne! Unalipitisha darasani, kila mmoja anaandika jina lake, chakula anachokipenda, methali moja ya kukuaga, halafu chini anapiga saini yenye mikia mirefu kama meneja wa benki. Siku ya mtihani wa mwisho daftari halikutosha, tukahamia kwenye mashati. Shati langu bado ninalo, limejaa wino wa kila rangi. Baadaye nikaja kusoma kwamba desturi hii ina umri mkubwa. Karne ya 16, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani, hasa kule Wittenberg, walitembea na vijitabu vilivyoitwa vitabu vya marafiki, ambamo wenzao na walimu wao waliandika maneno ya heri na kutia sahihi.

Kumbe basi, Mjerumani alizoea zamani kukusanya sahihi za urafiki. Ikafika siku akaja kuzikusanya kwetu.

Msowero iko wilaya yetu hii hii ya Kilosa, ukishika barabara ya kwenda Dumila. Hapo ndipo tarehe 29 Novemba 1884 Carl Peters alipofunga mkataba na Mangungo. Peters alikuwa na wenzake Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani. Ulianza na urafiki wa milele, ukaishia kwenye ardhi: Mangungo ati anaitoa nchi yake yote ya Msowero, pamoja na haki zake zote, kwa Peters na chama chake, daima dawamu. Karatasi yenyewe inadai kwamba mkalimani, Ramazan, alimweleza mzee kila kitu waziwazi. Inadai pia kwamba mzee aliulizwa kama yuko chini ya Sultani wa Unguja, akajibu kwamba hata hajui kama yupo.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi yake kwenye hati ya ulinzi. Hati hiyo ilitaja Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Hebu fikiri, msomaji. Alama za wazee wachache waliokutana na wageni kwa wiki chache zilisafiri mpaka Berlin, zikazaa koloni.

Leo bungeni, vijiweni na hata kwenye usajili wa wachezaji, mkataba mbovu huitwa mkataba wa Mangungo. Mie jina hilo linanichoma, maana Bibi yangu mzaa baba ni Msagara. Kwanza, Mangungo alikuwa mzee wa Msowero, hakuwa mfalme wa Tanganyika, na Tanganyika yenyewe ilikuwa haijapewa jina hilo. Pili, kwa watu wetu wa wakati ule mgeni alipewa mahali pa kulima na kukaa, lakini ardhi kuuzwa ikawa ya mtu mwingine milele lilikuwa jambo lisilo na neno lake. Mtu atakataaje kitu kisicho na jina katika lugha yake? Mwenye kosa ni yule aliyejua maana ya karatasi na akanyamaza.

Sasa nije kwa Babu. Yeye alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja Kimamba miaka ya 1950 kwa gari moshi, kukata mkonge. Enzi hizo wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, ikileta watu kutoka mikoa ya mbali. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Ukishafika shambani unapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku unayomaliza kazi uliyopimiwa, kadi inatiwa alama. Usipomaliza, siku hiyo haihesabiwi, hata kama jasho lilikutoka. Babu hakujua kusoma. Kwenye karatasi yake ya mkataba, mahali pa sahihi, alibonyeza dole gumba.

Karatasi hiyo na vipande vyake vyote alivitunza kwenye sanduku la bati mpaka alipofariki. Halafu yakaja mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo na reli ikasombwa. Mie nilikuwa mtoto, nakumbuka maji ya rangi ya chai ya maziwa ndani ya nyumba. Bibi alibeba sanduku kichwani, lakini maji yalikuwa yameshaingia. Jua lilipotoka akaanika karatasi juu ya bati. Vipande vyote vilikuwa vimegandana, vikamegeka mkononi kama ugali wa jana. Ikapona moja tu: ile ya mkataba, nusu yake ya chini, yenye dole.

Nilipomaliza shule nikawa naringa na daftari langu la otografu. Bibi akaligeuzageuza, akaniuliza, "Mume wangu, humu una saini za watoto wenzio wote. Ya babu yako iko wapi?" Sikuwa na jibu. Akaenda chumbani, akarudi na ile karatasi imefungwa kwenye kanga. Hapo ndipo nilipoanza kukusanya kweli.

Basi nawe anza hivyo hivyo, na vya nyumbani. Kadi ya chama ya bibi, cheti cha ndoa, stakabadhi ya pamba, barua ya mjomba aliyekuwa jeshini. Usikimbilie saini za mastaa kabla hujajua ya mama yako ikoje. Ukipata kitu, andika kwa penseli nyuma yake au kwenye karatasi ya pembeni: ni ya nani, umeipata wapi, lini, kwa nani. Sahihi isiyo na maelezo ni mchoro tu. Usitie nailoni, usibandike selotepu, maana inageuka ya njano na kula karatasi. Weka kwenye bahasha kavu, mbali na jua, juu kabisa mchwa wasifike, na toa fotokopi uiweke nyumba nyingine. Hilo nimefundishwa na Mkondoa.

Jifunze pia kutofautisha mkono na chapa. Ninayo noti ya shilingi 20 ya buluu, ya toleo la 1966, yenye sahihi ya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Naipenda, lakini sahihi ile ilichapwa kiwandani, Mtei hakuishika noti yangu. Kalamu ya kweli huacha mfereji mdogo. Geuza karatasi upapase nyuma kwa kidole, utausikia. Na unapomwomba mtu maarufu saini, mwambie ni ya nini. Usimpe karatasi tupu asaini chini.

Kama unaona kazi hii ni ya kipuuzi, mkumbuke Yusuf Ulenge. Kaka yake, Shaaban Robert, alimwandikia barua kwa miaka mingi, naye akazitunza. Mwaka 2002 zilitoka kitabu, Barua za Shaaban Robert 1931-1958. Kama angewashia moto barua zile, sisi tunaoota kuandika riwaya tungemjua bingwa wetu kwa vitabu vyake tu, tusimjue kama ndugu wa mtu.

Mwaka jana alipita jamaa mmoja mgeni, ananunua saa na redio za zamani. Alipoiona karatasi ya Babu akatoa laki moja pale pale. Nakiri nilitetereka. Paa letu linavuja, na laki moja ni mabati kadhaa. Nikaenda kumwuliza Bibi. Akasema, "Babu yako aliuzwa kwa karatasi hiyo mara moja. Wewe usimwuze mara ya pili." Jamaa akaondoka. Paa bado linavuja, ndoo tunaijua mahali pake.

Usiku ule nikamwomba Bibi naye atie dole kwenye daftari langu, chini ya ukurasa nilioandika habari za Babu. Akakataa. "Mangungo alitia bila kujua. Mie nisomee kwanza." Nikamsomea. Akasema hapo uliposema alikuja kutafuta maisha, futa. Alikuja kutafuta kodi. Nikafuta. Nikasoma tena. Akasema hujaandika kwamba alikuwa anaimba. Nikaandika. Nikasoma mara ya tatu, akanyamaza kidogo, akachovya kidole kwenye wino, akabonyeza.

Nyuma ya ukurasa nimeandika kwa penseli: Kimamba, dole la mkono wa kulia, amesomewa mara tatu.