Kengele ya Moshi na Wajibu wa Mwenye Nyumba

Walter Jaeger alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanafizikia huyo wa Uswisi alihangaika kuunda chombo cha kugundua gesi ya sumu. Gesi ilipita, mshale wa mita haukutikisika. Akakata tamaa, akawasha sigara. Mara mshale ukacheza: chombo kilichoshindwa kuitambua sumu kilikuwa kimeutambua moshi.

Kisa kikajirudia Denver, Marekani, katika miaka ya 1960. Duane Pearsall na mafundi wake walikuwa wakitengeneza kifaa cha kuondoa umeme tuli kwenye vyumba vya giza vya kusafishia picha. Fundi mmoja akavuta sigara, mshale wa mita ukaanguka. Pearsall hakulipuuza jambo hilo. Kampuni yake, Statitrol, ikatoa kengele ndogo ya betri ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua na kuifunga darini mwake.

Ndani ya kengele ya aina hiyo mna chembe ndogo ya amerisiamu, elementi yenye mnururisho, inayoiwezesha hewa kati ya bamba mbili kupitisha umeme kidogo sana. Moshi ukijipenyeza, umeme hupungua na kengele hulia. Mlio huo ndio msaada wenyewe, kwa sababu pua ya aliyelala haimwamshi, na hewa ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi humzidishia usingizi. Sikio peke yake ndilo linalobaki zamu.

Kifaa kilikuwepo, basi. Kilichokosekana ni sharti la kukiweka. Mwaka 1973 tume ya taifa ya Marekani ilitoa ripoti, America Burning, iliyokadiria kuwa moto unaua karibu watu 12,000 kwa mwaka nchini humo. Miaka michache baadaye watafiti walikwenda Indiana Dunes, wakachoma moto nyumba halisi zilizokuwa zikisubiri kubomolewa, ili wapime mwenye nyumba angepata dakika ngapi za kutoka. Jibu lilikuwa bayana: kengele kila ghorofa humpa aliyelala nafasi ya kuufikia mlango. Ndipo majimbo na miji ikaanza kutunga sheria.

Ulaya ilijivuta. Nchini England, wenye nyumba za kupangisha hawakubanwa hadi tarehe 1 Oktoba 2015, walipoamriwa kuweka kengele kila ghorofa na kuhakikisha inafanya kazi siku mpangaji mpya anapoingia. Scotland ilikwenda mbali zaidi baada ya moto wa jengo la Grenfell, London, wa 2017: tangu Februari 2022 kila nyumba inatakiwa kuwa na kengele zilizounganishwa, moja ikilia zote zinalia.

Ufaransa ina funzo la pekee. Sheria yake ya 2010 ilimtwika mkazi kazi ya kufunga kengele. Mwaka 2014 mzigo ukahamishiwa kwa mwenye nyumba, na sharti likaanza kutumika tarehe 8 Machi 2015. Mpangaji wa kudumu huachiwa matunzo, lakini katika nyumba za likizo hata matunzo ni ya mwenye nyumba. Ni haki kabisa. Mgeni wa siku tatu hajui swichi ya ngazi iko wapi, wala ufunguo upi unafungua mlango wa nyuma. Hajui pia kwamba mgeni aliyemtangulia alikerwa na mlio alipokuwa akikaanga samaki, akachomoa betri na kuiacha kabatini.

Hata hivyo, sheria bila mkaguzi haimwamshi mtu. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2023 nyumba ya likizo huko Wintzenheim, mashariki mwa Ufaransa, iliungua na kuua watu 11, wengi wao wakiwa watu wazima wenye ulemavu waliokwenda kupumzika. Jengo hilo halikuwa limepitiwa na tume ya usalama kama ilivyotakiwa.

Kwa hiyo ukifikia kwenye nyumba ya kupanga, iwe kwa usiku mmoja tu, tazama darini kabla hujafungua begi, kisha bonyeza kitufe. Kengele isipolia, mpigie mwenye nyumba kabla hujalala.