Korongo la Olduvai Lilifunguliwa kwa Miguu

Kwa wakazi wa Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, Korongo la Olduvai ni jirani aliye ng'ambo ya nyika za Serengeti. Linaanzia upande wa maziwa ya Ndutu na Masek, linakwenda kama kilomita 48 hadi Olbalbal, na mahali penye kina kirefu kuta zake hufikia takriban mita 90. Tangu 1951 lilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hadi 1959 eneo la Ngorongoro lilipotengwa nalo likaenda upande huo. Siku hizi wageni wengi hulifikia kwa gari, husimama ukingoni, hupiga picha, kisha huwahi kwenda kutazama nyumbu. Historia yake inaonyesha kwamba hiyo ndiyo njia hafifu kuliko zote za kulijua. Hazina za Olduvai zilifunuliwa na watu waliotembea polepole wakitazama chini, na wengi wao walikuwa Waafrika ambao hadithi ya kawaida ya korongo hili huwaacha nje.

Masimulizi ya kawaida huanza na Wazungu: daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel mwaka 1911, Hans Reck mwaka 1913, kisha Louis Leakey mwaka 1931. Lakini Kattwinkel alifika katika nchi ambayo tayari ilikuwa na jina na wafugaji wa Kimaasai walioijua vizuri. Hata uvumbuzi wa Leakey wenyewe ulitokana na kutembea: tarehe 17 Julai 1959 Louis alilala kambini akiumwa, naye mkewe Mary Leakey akatoka na mbwa wake kukagua mteremko, akaliona fuvu maarufu la kiumbe wa kale aitwaye Zinjanthropus likichomoza udongoni. Waafrika nao walivumbua kwa njia hiyo hiyo: mwaka 1963 Ndibo Mbuika alipata mabaki ya kiumbe aliyepewa namba OH 13, na mwaka 1968 Peter Nzube akapata fuvu la OH 24. Hata ramani za watafiti zinatoa ushahidi: kando ya makorongo madogo yaliyopewa majina ya ndugu na marafiki wa Leakey, lipo Korongo la Thiong'o na lipo Korongo la Juma. Miguu ilihitajika kwa sababu ya namna mahali penyewe palivyo. Kila masika maji hula kuta, na mfupa uliofichika mwaka jana huchungulia mwaka huu. Jicho lililo ndani ya gari linalokimbia haliwezi kuuona.

Wapo watakaosema kwamba bila maabara mifupa hiyo ingebaki mifupa tu. Ni kweli kwamba mwaka 1961 upimaji wa majivu ya volkano ndio uliolipa fuvu la Zinjanthropus umri wa miaka milioni 1.75 na kuishangaza dunia. Hata hivyo, maabara hupima kile kilichokwisha kuonwa. Wengine watasema kwamba nyayo nyingi zitaharibu masalia, na kwamba wazee na watoto hawawezi kushuka. Hoja ya kwanza ni nzito, na jibu lake ni kufuata njia iliyopangwa, pamoja na mwongozaji, bila kuokota chochote. Ya pili inajibiwa na jumba la makumbusho lililo ukingoni, lililofunguliwa upya mwaka 2017: asiyeweza kushuka akae humo na kusikiliza kwa utulivu, kwa maana kinachotakiwa hasa ni subira.

Kwa hiyo shule za Simiyu zinazopeleka wanafunzi Serengeti na Ngorongoro zisiifanye Olduvai kituo cha dakika kumi. Wanafunzi waombe ruhusa, washuke na mwongozaji, wazitazame tabaka za udongo moja baada ya nyingine, na walimu wao wawafundishe kumtaja Mbuika na Nzube kama wanavyomtaja Leakey. Historia ya korongo hili ni ya wanafunzi hao pia, na haki ya waliolitafiti kwa miguu ni kutajwa kwa majina yao.