Oberlin: Mji Mdogo na Sheria Iliyovunjwa



Kamati imeniomba niandike machache juu ya historia ya nchi hii tunamokutana. Nimeuchagua mji wa Oberlin, katika jimbo la Ohio, wenye wakazi wapatao 8,000 tu. Watoto wetu waliozaliwa huku hudhani miji midogo ya mashambani haina historia, wala haituhusu.

Mji huo uliasisiwa mwaka 1833 na watu wawili wa dini, John Jay Shipherd na Philo Stewart, pamoja na chuo chake. Mwaka 1835 wadhamini wa chuo walibishana iwapo wanafunzi weusi wapokelewe. Kura zililingana, na mwenyekiti wao, John Keep, akaamua kwa kura yake wapokelewe. Mwaka 1862 Mary Jane Patterson alipata shahada hapo, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kutunukiwa shahada ya kwanza. Ni katika mji huo pia Charles Martin Hall aligundua, mwaka 1886, njia ya kutengeneza alumini kwa umeme. Sufuria za jikoni mwenu zina asili yake hapo.

Lakini jambo kubwa lilitukia tarehe 13 Septemba 1858. John Price, aliyetoroka utumwani Kentucky, alikamatwa kwa hila na kupelekwa Wellington, ili apandishwe treni na kurudishwa kwa bwana wake. Watu wa Oberlin, weusi kwa weupe, waliizingira hoteli alimofungiwa, wakamtoa, wakamficha, hata akafikishwa Kanada. Watu 37 walishtakiwa. Wawili walihukumiwa kifungo: Simeon Bushnell, mweupe, siku 60, na Charles Langston, mweusi, siku 20.

Mimi niliyeitumikia serikali hadi kustaafu nilifunzwa kuwa mtumishi hutekeleza sheria, habishani nayo. Sheria ile ya mwaka 1850 ilikuwa na kila kitu ambacho ofisi huhitaji: ilipitishwa na Bunge, ikatiwa saini na Rais. Hata hivyo leo hakuna anayewakumbuka kwa heshima walioitekeleza.

Tusidhani mji ule ulikuwa wa malaika. Edmonia Lewis, aliyekuja kuwa mchongaji sanamu mashuhuri, alipokuwa mwanafunzi huko mwaka 1862 alisingiziwa kuwalisha wenzake sumu, akatekwa na kupigwa vibaya. Alitetewa mahakamani na John Mercer Langston, wakili wa mji huo na ndugu yake Charles, na kesi ikafutwa.

Wala tusiyasome haya kama habari za wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 15 baada ya tukio la Wellington. Katika nasaba zetu wamo waliouza watu na wamo waliouzwa. Wa kwanza tunawataja kwa majina na vyeo. Wa pili tunawapita kimya.

Mwanafunzi mwingine wa Oberlin anatuhusu kwa karibu zaidi. Eduardo Mondlane wa Msumbiji alihitimu huko mwaka 1953, kisha akaiongoza FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Aliuawa katika jiji hilo hilo kwa bomu la kifurushi, tarehe 3 Februari 1969. Sisi wa rika langu tulikuwa wadogo, lakini jina lake tulilisikia.

Kwa hiyo nina ombi. Orodha ya nasaba inayopitishwa mezani katika mkutano huu ina nafasi tupu nyingi, hasa upande wa mabibi. Wazee wanaokumbuka majina hayo bado wapo miongoni mwetu. Tuwaulize, tuyaandike, bila kumficha mtu kwa sababu ya hali aliyozaliwa nayo.

Ndimi mzee wenu.