Mtoto wa Shilingi 100

Kidahwe ni njia panda. Anayetoka Kasulu na anayetoka Uvinza hukutana hapo kabla ya kuteremka Kigoma mjini. Mtoto akizidiwa na homa usiku, njia ya Hospitali ya Maweni ni hiyo hiyo. Mama humfunga mgongoni kwa kitenge, akatia kadi ya kliniki kifuani, akatafuta pikipiki. Baba, kama ni mvuvi wa dagaa, huenda yuko kambini, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Na kama wawili hao hawakuoana, swali la nani atalipia dawa huamsha swali la zamani: mtoto huyu ni wa nani?

Swali hilo lina historia ndefu katika sheria zetu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki mwanamume aliyemzalisha na kudai matunzo. Neno lake peke yake halikutosha. Ilimpasa alete ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Na hata akishinda, kiwango cha juu kilikuja kuwa shilingi 100 kwa mwezi, kikabaki hapo miaka na miaka, shilingi ikizidi kushuka thamani.

Baada ya Uhuru, Tangazo la Serikali Na. 279 la mwaka 1963 liliandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa upande wa mama. Baba aliyemtaka aliweza kumwoa mama, au kulipa shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Na hapa Kigoma, katika familia za Kiislamu za Ujiji, mtoto wa namna hiyo hunasibishwa kwa mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwapa nafuu wanawake walioishi na wanaume miaka miwili au zaidi wakijulikana kama mke na mume. Aliyezalishwa bila kuishi na mwanamume alibaki na zile shilingi 100 za kila mwezi.

Jirani zetu Kenya walipita njia ngumu zaidi. Sheria yao ya matunzo ya mwaka 1959 ilifutwa mwaka 1969, na kina mama wakabaki bila kinga hiyo. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyotamka kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Tanzania iligeuza ukurasa kwa Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Sheria ile ya matunzo ya mwaka 1949 ikafutwa. Kufikia hapo shilingi 100 zake hazikutosha hata nauli ya daladala. Sheria mpya ilikataza kumbagua mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Kifungu cha 8 kikataja matibabu na chanjo pamoja na chakula, malazi, mavazi na elimu, na kikakataza mtu yeyote kumnyima mtoto huduma hizo. Mzazi hawezi tena kuzuia matibabu ili kumkomoa mwenzake. Baba akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, kazi iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa hiyo, mama wa Kidahwe, tunza kadi ya kliniki na kila risiti ya dawa. Mwone afisa ustawi wa jamii mapema, maana dai dhidi ya baba asiyekubali mtoto lina ukomo: kwa kawaida ni miezi 24 tangu mtoto kuzaliwa. Nawe baba, ukirudi kutoka ziwani, usianze kwa kuuliza mtoto ni wa nani. Atibiwe kwanza. Mahakama itawasikiliza baadaye. Homa ya mtoto haingoji tarehe ya kesi.