Ngome Iliyoshindwa kwa Njaa

Msomaji wa Bariadi, aliyesikia kwa wazee wake jinsi miji ya Wasukuma ilivyozungushiwa minyaa ili mifugo isalimike na wavamizi wa usiku, hahitaji kufundishwa kwamba boma, liwe imara kiasi gani, huwahifadhi waliomo kwa kadiri ya chakula na maji yao tu. Na kanuni hiyo ndiyo iliyokata shauri, mbali na Simiyu, katika kisiwa cha Mombasa, pale dola ya Kinasara ya Ureno ilipopambana na dola ya Kiislamu ya Omani.

Wareno, baada ya kutishwa na Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyeijia pwani hii mara mbili hata wakamteka Mombasa mwaka 1589, walianza mwaka 1593 kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Buruji zake nne, zilizosimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, zilipangwa ili mizinga ya kila moja ilinde ukuta wa jirani yake; nayo ndiyo elimu iliyozuka Ulaya baada ya baruti kuzidhalilisha kuta ndefu za kale.

Mwezi Machi 1696 merikebu za Imamu Saif bin Sultan, ambaye baba yake aliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, zilitia nanga Mombasa. Waarabu hawakuwa na mizinga ya kutosha kuuangusha ukuta ule. Basi wakaihusuru ngome, wakaziba njia za riziki, wakasubiri. Msaada uliingia mwezi Desemba, lakini maradhi yaliwamaliza askari upesi kuliko risasi, hata mwaka 1697, walipokwisha kufa maofisa wa Kireno, amri ya ngome ikashikwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza, Mwislamu ambaye watu wake walikuwa na uhasama wa zamani na mji wa Pate, uliokuwa upande wa Waarabu, wala hawakuona sababu ya kuwaacha marafiki zao wa Kireno. Mwaka huohuo manowari Santo António de Tanna, iliyokuja kuwaokoa, ilizama chini ya ngome yenyewe. Tarehe 13 Desemba 1698 Waarabu waliupanda ukuta, wakakuta walinzi wachache mno. Na merikebu za Kireno zilizofika baada ya siku chache ziliiona bendera ya Omani, zikageuka.

Kwa hiyo anayeisimulia vita hii kuwa ya msalaba na mwezi mwandamo peke yake huwasahau wenyeji, ambao kila mji ulichagua upande kwa maslahi yake. Wareno waliporejea mwaka 1728, wakisaidiwa na Pate, haukupita muda watu wa Mombasa wakachoshwa nao, wakawazingira, chakula kikawaishia, na mwezi Novemba 1729 wakasalimu amri, wasiitawale tena Mombasa.