Kutoka Debe la Mafuta ya Taa hadi Pambo la Sebuleni: Historia ya Vitu Chakavu na Somo Lake kwa Mfuko Wako

Leo tunaacha mbolea na dawa kidogo, tuzungumzie kazi ya pembeni ambayo wengi wananiuliza habari zake: kuchukua vitu chakavu, kama mbao za zamani, mabati, makopo, magunia na malapa yaliyokatika, na kuvigeuza kuwa mapambo na vyombo vya nyumbani.

Wengi wanaoniuliza wameona picha kwenye simu, wakadhani ni jambo jipya lililoletwa na wageni. Si jipya. Babu na bibi zetu wamelifanya kwa zaidi ya miaka 100. Ukiitazama historia hiyo kwa makini utaona jambo moja linalojirudia: aliyeokota takataka hakutajirika nayo. Fedha ilikwenda kwa yule aliyejua kitu hicho kitafanya kazi gani ndani ya nyumba ya mtu, akakisafisha, akakimalizia vizuri na kukifikisha kwa mnunuzi. Tuanze na kitu unachokijua vizuri.

Debe: takataka iliyogeuka kipimo

Mafuta ya taa yalipoanza kuingia kwa wingi katika pwani yetu katika karne ya 19, yalisafirishwa kwa meli ndani ya makopo ya bati ya mraba, mawili mawili katika sanduku la mbao. Kopo moja lilibeba galoni 4 za Kiingereza, yaani kama lita 18. Mafuta yakiisha, kopo lilibaki tupu. Kwa kampuni iliyoyauza, kazi ya kopo ilikuwa imekwisha. Kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Kopo hilo ndilo debe. Akina mama walichotea maji, mafundi wakalikunjua na kulipiga nyundo likawa bati la kuezekea na la kuzungushia ukuta. Wafanyabiashara wa nafaka nao waliona kwamba madebe yote yana ukubwa mmoja, wakaanza kupimia mahindi, mpunga na maharage. Mpaka leo, ingawa sisi maafisa ugani tunasisitiza mizani, utasikia gunia moja ni debe sita. Lugha nayo ililichukua: mpiga debe wa stendi anaitwa hivyo kwa sababu ya kopo lile, na wahenga wakasema debe shinda haliachi kutika.

Kwa nini debe lilifanikiwa kuliko makopo mengine? Sababu ni tatu. Lilipatikana kila mahali, tena kwa wingi. Lilikuwa na ukubwa usiobadilika. Na lilitatua shida ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Zishike sababu hizo, tutazihitaji mbele.

Kibatari na fundi bati

Kutoka kwenye bati hilohilo na makopo ya maziwa na mafuta ya kupikia, fundi bati alitengeneza kibatari, au koroboi kama wengine wanavyoita. Kopo dogo, kifuniko chenye bomba jembamba, utambi wa kitambaa kikuukuu, mshikio wa kipande cha bati, na risasi kidogo ya kulehemu. Vijiji vingi vilisomea, vikapikia na kulea watoto kwa mwanga huo.

Leo koroboi zimepungua sana. Taa za sola zimeshuka bei, umeme umefika vijiji vingi, na watu wamechoka na masizi na hatari ya moto. Je, mafundi walikufa njaa? Yule aliyejua koroboi tu aliumia. Lakini yule aliyejua bati, yaani kulipima, kulikata, kulikunja na kuliunga, alihamia kwenye majiko ya mkaa, masanduku ya wanafunzi, mikebe ya kumwagilia maua na karai. Ndio mafundi utakaowakuta hadi leo Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji kule Nairobi, wakigonga mapipa na mabati kutwa nzima.

Kwa muda mrefu watu hawa walihesabiwa kama wababaishaji. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1970. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kuhusu ajira nchini Kenya iliyoonyesha kwamba mafundi wadogo wana mchango mkubwa katika uchumi, na ndiyo iliyoeneza jina la "sekta isiyo rasmi" duniani. Wakenya wao waliwaita jua kali, kwa kuwa walifanya kazi juani bila paa. Hapa Tanzania, mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria iliyounda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo bado lipo mikoani na linatoa mafunzo. Ukitaka kuanza kazi hii, mlango wa SIDO ni mmoja wa milango ya kwanza kubisha hodi.

Mbao za jahazi

Sasa twende baharini. Jahazi, mashua na dau huundwa kwa mbao ngumu au zinazovumilia maji, kama mtiki, mtondoo na mwembe. Chombo kikizeeka, mbao zikaoza sehemu na kalafati ikashindwa kuzuia maji, hupandishwa ufukweni. Zamani mwisho wake ulikuwa kuni, au kipande kizima kutolewa na kutiwa kwenye chombo kingine.

Utalii ulipopanuka Zanzibar kuanzia miaka ya 1980 na 1990, na Lamu pia, mafundi seremala waliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mbao iliyopigwa na jua na chumvi miaka mingi ina rangi na mistari ambayo mbao mpya haiwezi kuwa nayo. Ina matundu ya misumari, ina mabaki ya rangi ya bluu na nyekundu. Kwa mvuvi hizo ni alama za uchakavu. Kwa mwenye hoteli au mgeni, hiyo ni habari ya bahari ambayo anaweza kuitundika ukutani. Mbao hizo zikawa fremu za vioo, meza, rafu na viti.

Angalia fedha ilivyogawanyika. Mwenye jahazi bovu aliyeuza mbao kwa bei ya kuni alipata bei ya kuni. Seremala aliyeng'oa misumari, akapiga msasa bila kufuta rangi ya zamani, akaunga pembe vizuri na kuweka kioo, alipata bei ya samani. Mwenye duka la mjini aliyeieleza historia ya mbao ile kwa mnunuzi alipata zaidi ya wote wawili. Mbao ni ileile.

Lakini kuna upande wa pili. Majahazi makuukuu hayazaliwi kila siku. Wanunuzi wakiongezeka, mbao inakuwa adimu na bei yake inapanda. Hapo hujitokeza kishawishi cha kuchukua mbao mpya, kuipaka rangi na kuidanganyia. Usifanye hivyo. Mteja wa bidhaa hizi ananunua ukweli wa kitu. Akigundua uongo, hatarudi, na atawaambia wenzake.

Malapa ya Kiunga

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa ulianza na kitu ambacho hakuna aliyekiona kuwa na thamani hata ya kuni.

Kiunga ni eneo la kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Mikondo ya bahari huleta pale maelfu ya malapa, yaani kandambili au ndala, kutoka nchi mbalimbali. Yalijaa ufukweni na kuwazuia kasa wanaopanda kutaga mayai. Mwaka 1997 Julie Church, mtaalamu wa viumbe vya baharini aliyekuwa katika kazi ya uhifadhi huko, aliona watoto wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na malapa hayo. Kutoka kwenye mchezo wa watoto likazaliwa wazo. Akina mama wa vijiji vile walihimizwa kuyaokota, kuyaosha, kuyakata na kuyageuza kuwa bidhaa ndogo ndogo za kuuza.

Baadaye kazi ilihamia pia Nairobi na kuwa kampuni, ambayo sasa inajulikana kama Ocean Sole. Utaratibu ni huu: malapa hununuliwa kwa waokotaji kwa kilo, huoshwa kwa sabuni, hupangwa kwa rangi, hugundishwa tabaka kwa tabaka mpaka yakawa bonge, kisha mchongaji hulichonga kwa kisu na kulilainisha likawa twiga, kifaru au kasa. Wanunuzi ni watalii, maduka ya zawadi, na hata bustani za wanyama za nje ya nchi.

Na wachongaji walitoka wapi? Baadhi yao walikuwa wachonga vinyago vya mti. Uchongaji wa Wakamba ulianzia Wamunyu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na jina linalotajwa ni la Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika alipopelekwa huku vitani. Miti kama mpingo na muhugu ilipopungua kwa kukatwa bila kupandwa, wachongaji walilazimika kutafuta malighafi nyingine. Mkono uliozoea mpingo ukahamia kwenye malapa. Ni habari ileile ya fundi bati: kitu hubadilika, ujuzi unabaki.

Mwaka 2018 huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walizindua jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kufunikwa na malapa yapatayo 30,000, likaitwa Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Halikujengwa kwa ajili ya kuuzwa, bali kuonyesha watu kwamba plastiki inayotupwa bado ina kazi.

Historia hii inakuambia nini wewe

Kabla hujatumia hata shilingi moja, jiulize maswali yaleyale yaliyolifanya debe lifanikiwe.

Kwanza, je, kitu hiki kinapatikana karibu yangu, kwa wingi na kwa muda mrefu? Kama uko Njombe, usianze na mbao za jahazi. Tazama kilichopo: mabanzi ya mbao, magunia, matairi, vyuma vya majembe yaliyochakaa, chupa.

Pili, je, naweza kutengeneza vitu vinavyofanana? Hoteli ikikuagiza taa 10, haitaki moja ndefu na nyingine fupi. Tengeneza kielelezo kimoja kizuri, pima kila kipande, uandike vipimo.

Tatu, ni nani atakayenunua, na kitafanya kazi gani nyumbani kwake? Pambo lenye kazi, kama rafu, fremu ya kioo, kigoda au chombo cha maua, huuzika kirahisi kuliko pambo la kutazamwa tu.

Kisha piga hesabu na uhesabu jasho lako. Tuchukue mfano wa kufikirika wa fremu moja ya kioo: mbao shilingi 4,000, kioo 7,000, msasa, gundi na vanishi 3,000, usafiri 2,000. Jumla 16,000. Umeifanyia kazi siku moja na nusu. Kama kibarua cha shamba kwenu ni 8,000 kwa siku, ongeza 12,000. Sasa ni 28,000. Ukiiuza 25,000 utafurahi umepata faida ya 9,000, kumbe umepoteza 3,000. Afadhali ungekwenda kulima kwa jirani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ya kuepuka

Usitumie kabisa makopo wala chupa za viuatilifu, hata ukiziosha mara kumi. Sumu hubaki ndani ya plastiki, na pambo huwekwa mahali watoto wanaposhika. Vivyo hivyo mapipa yaliyobeba kemikali, betri na mabati ya asbesto. Ukipiga msasa mbao yenye rangi ya zamani, fanya kazi nje, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali, kwa kuwa rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi.

Usinunue wala kuuza milango ya kale iliyochongwa bila kuuliza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Na chuma chakavu usichojua kimetoka wapi, kiache. Alama za barabarani na nyaya za umeme si takataka. Andikishiana na anayekuuzia, na uliza halmashauri yako kuhusu vibali.

Mwisho, usiache shamba. Kazi hii inafaa sana kiangazi, baada ya kuvuna, wakati mikono haina kazi nyingi. Wiki hii anza na hatua moja: zunguka nyumbani kwako na sokoni ukiwa na daftari, andika vitu vitano vinavyotupwa kila wiki, na mbele ya kila kimoja andika jina la mtu unayemfahamu anayeweza kukinunua kikishatengenezwa. Kitu kisicho na jina mbele yake, kiache kwanza. Chenye majina matatu, anza nacho.